Mkono wa Kushoto Haukupigwa Pasi

Saa tatu na dakika tano asubuhi, sebuleni kwao Mwandiga, Injinia Eufrasia alifungua bahasha yake ya kaki na kupigwa shoti bila kugusa waya. Cheti chake halisi cha shahada ya uhandisi wa umeme hakikuwemo. Mahali pake palikuwa na kalenda ya mwaka juzi, imekunjwa kwa heshima zote.

Usaili wa kazi, mjini Kigoma, ulikuwa saa tano. Barua ilisema wazi: asiye na cheti halisi asijisumbue kuja.

Alimeza yowe, akafikiri. Saa moja cheti kilikuwepo, alikibusu mwenyewe. Saa mbili kasoro kumi umeme ulikatika, pasi ikapoa, na blauzi ikabaki na mkono wa kulia ulionyooka na wa kushoto kama kabichi iliyochemshwa. Akaenda kuoga. Mwizi aliingia hapo.

"Kaja nani, mama?"

"Nehemia tu," alijibu mama yake kutoka uani. "Kaazima kikokotoo. Mlango wa nyuma sikuuangalia."

Nehemia, jirani, alisoma naye chuo, na leo waligombea nafasi hiyo hiyo moja. Saa tatu na nusu Eufrasia alikuwa kwa Nehemia, anapekua begi lake.

"Nikuibie cheti chenye jina la Eufrasia?" Nehemia alifoka. "Niende usaili nimevaa gauni?"

Hoja ilikuwa nzito. Begi lilitoa kikokotoo, chapati na cheti cha Nehemia mwenyewe.

Eufrasia akapanda bodaboda hadi Ujiji, kwa Mzee Feliksi, fundi aliyemfundisha kushika tester ya kupimia umeme akiwa darasa la tano. Hakwenda kumhoji. Alikwenda kulia.

Saa nne na robo, redio ya fundi, imechomekwa ukutani, ilikuwa inaimba bila wasiwasi.

"Shikamoo, mzee. Nimekupigia simu mpaka basi."

"Marahaba, injinia wangu. Simu imo kwenye mchele. Ilitumbukia ziwani jana. Mimi tangu alfajiri sijatoka hapa, wala sijaonana na mtu." Akamtazama begani, akacheka. "Na huo mkono! Umeme wa Mwandiga nao, ukatike saa mbili kasoro kumi siku ya usaili!"

Eufrasia akaacha kulia.

"Hapa kwako umekatika?"

"Hapa? Unawaka tangu asubuhi."

"Hujatoka. Hujaonana na mtu. Simu imo kwenye mchele." Akainua mkono wa kushoto. "Basi saa kakwambia nani?"

Fundi akaketi juu ya sanduku lake la vifaa kama mtu aliyekatika fyuzi.

"Inuka, mzee."

Ndani ya sanduku, chini ya koleo, kilikuwemo cheti. Juu yake kipande cha karatasi kilichochapwa FELIKSI, kimekatwa kulifunika sawasawa jina la Eufrasia.

"Miaka ishirini na mbili nafunga nyaya nyumba za Ujiji," alisema, macho sakafuni. "Juzi wakaguzi wa umeme wameniambia nisiguse nyumba tena bila cheti. Nilikuwa nyuma ya nyumba yenu taa zilipozimika. Nilitaka kopi moja tu, mwanangu."

"Ungeniomba."

"Ningekuombaje jina lako?"

Eufrasia alichana kile kipande, akachukua cheti, akaondoka bila kuaga.

Saa tano kamili mwenyekiti wa usaili alikipapasa cheti, akaridhika, kisha akaukodolea macho mkono wa kushoto.

"Kabla ya chuo, umeme alikufundisha nani?"

Eufrasia aliulaza mkono wa kushoto mezani.

"Mzee Feliksi, wa Ujiji," alisema Eufrasia. "Cheti hana."