Mikono Iliyojikung'uta

Saa nne kasorobo asubuhi, mikono mia mbili arobaini ya chuma katika kiwanda cha korosho mjini Mtwara iliacha kazi kwa pamoja. Haikuzimika. Ilishuka pembeni mwa meza, ikalegea, ikajikung'uta mara tatu kama mtu anayekung'uta maji vidoleni, kisha ikarudi kwenye visu vyake na kuendelea kubangua. Ndani ya ukumbi hamkuwa na mtu ila mhandisi Lukresia Millanzi.

Mikono hiyo iliitwa Miigaji. Haikuandikiwa maagizo kama mashine za zamani, ilifundishwa. Mbanguaji hodari alivalishwa glavu za kunasa, zikasoma kila msogeo wa mifupa na kano zake kwa miezi kumi na moja, na yote yakamiminwa katika bongo moja la kompyuta lililoiendesha mikono yote. Tangu ianze kazi, korosho iliyovunjika ilikuwa adimu.

"Ni hitilafu ndogo," meneja, Bwana Chitanda, alikuwa amemwambia. "Ifute tu. Kila nusu saa inatupotezea sekunde tisa."

Lukresia alitafuta agizo la kujikung'uta, hakulipata. Akafungua kumbukumbu za glavu, za mbanguaji aitwaye Somoe Nantende. Mwezi wa kwanza, Bi Somoe hakujikung'uta hata mara moja. Mwezi wa nne, mara moja kila asubuhi. Mwezi wa kumi na moja, kila nusu saa. Alipolinganisha na Miigaji, akaona kwamba nayo ilikuwa imepita njia ile ile, mwezi kwa mwezi, siku kwa siku, ingawa hakuna aliyeiagiza kufuata kalenda. Sasa ilikuwa imebakiza siku nane kufika mwisho wa kumbukumbu.

Mchana ule ule alikwenda mtaa wa Chikongola, kwenye ghorofa alikoishi Bi Somoe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pita ndani."

Bi Somoe alimimina chai kwa mkono wa kulia. Ikamfurikia vidoleni, chai ya moto inayofuka, naye asishtuke. Alipoona meza imelowa ndipo akaweka birika chini, akaushusha mkono ubavuni na kuukung'uta. Mara tatu. Lukresia aliona pia kwamba gumba lake lilikuwa halina ncha.

"Mkono ulianza lini kukusumbua, mama?"

"Mwaka ule wa glavu. Ulianza na ganzi. Gumba, cha shahada na cha kati. Kidole kidogo hakina neno mpaka leo. Nikilala unachoma kama sindano. Naukung'uta, unatulia. Baadaye hata kuukung'uta hakukufaa tena."

"Mbona hukuwaambia?"

"Walisema glavu zinataka mikono mizima. Ningefungua kinywa, wangemvalisha mwingine."

"Na siku ya mwisho ilikuwaje?"

"Mkono ulikuwa mzito kama si wangu. Nikaona damu kwenye korosho, nikajiuliza ni ya nani. Kumbe gumba liko chini ya kisu. Sikusikia kitu, mwanangu. Hata kidogo."

Kesho yake Lukresia alimpeleka kwa Daktari Halfani Nampota. Daktari alimpima sukari, tezi ya shingo na damu, akazipiga picha pingili za shingo, kwa kuwa ganzi ya mkono huweza kutoka huko kote. Hakuona kitu. Alipogonga kifundo cha mkono kwa kidole, Bi Somoe alisema anahisi kama umeme unaokimbilia kidole cha shahada.

"Hapa pana kijia chembamba," daktari alieleza. "Kano na mshipa wa fahamu vinapita humo humo. Mkono ukirudia kazi moja kutwa, kano zinavimba na mshipa unabanwa. Ungekuja mapema ningekupa gango la kuufunga mkono usiku, mapumziko, pengine sindano. Sasa nyama ya gumba imeshakonda. Nitakipanua kijia kwa upasuaji. Maumivu yatapungua. Kurudi kwa nguvu yote siwezi kukuahidi."

Kutoka hapo Lukresia alikwenda moja kwa moja kwa meneja, akamwomba azime ukumbi kabla ya siku ya nane.

"Chuma hakina mishipa ya fahamu," alisema Bwana Chitanda. "Na meli inasubiri mzigo." Ufunguo wa kuzima alikuwa nao yeye, mfukoni.

Siku ya nane walisimama pamoja kwenye dirisha la kioo. Saa sita na dakika kumi, mikono ya safu ya kwanza ilishika korosho vizuri tu. Visu vikashuka. Ncha za magumba ya chuma zikadondoka sakafuni, kisha za safu ya pili, kisha za safu ya tatu, kwa utaratibu. Mikono ikaendelea kubangua na vidole vilivyobaki. Kengele ya hatari haikulia. Baadaye Lukresia aligundua kwamba vihisio vya magumba vilikuwa vizima hadi dakika ile. Vilikuwa vimepiga kelele kwa majuma mengi, lakini bongo lilikuwa limeacha kuvisikiliza.

Bwana Chitanda alitoa ufunguo mfukoni, akazima ukumbi.

Majuma matatu baada ya upasuaji, Lukresia alimkuta Bi Somoe nyumbani, amekaa kitandani, akipitisha kidole cha shahada juu ya shuka, polepole, anarudi, anapitisha tena.

"Shuka linakwaruza," alisema, na machozi yakamtoka. "Linaniuma kidogo. Acha liume."

Lukresia akaketi karibu naye. Bi Somoe akauliza habari za ile mikono.

"Magumba yamekatika, mama. Yote."

"Iliumia?"

Lukresia alitaka kujibu kwamba mashine haiumwi. Lakini alikuwa amezisoma ripoti za glavu zote za miezi kumi na moja, na kila siku, hata siku ile ya damu, zilikuwa zimeandika kwamba mkono wa Bi Somoe hauna tatizo.

"Sijui, mama," alisema.