Ndoa ya Kituo cha Tano

Jumatatu asubuhi kliniki ile ya Ukunda hujaa mpaka watu hukaa kwenye ngazi. Siku hiyo palikuwa na mama kutoka Kinango na watoto watatu wenye kikohozi, mlinzi wa hoteli ya Diani aliyefungwa kitambaa mkononi, na dereva wa tuktuk aliyekuwa akilalamika kwamba wateja wake wanampita. Juu ya kelele zote hizo ilipita sauti moja, ya Mbeyu binti Abdulwahab, msichana wa mapokezi, akiita wagonjwa kwa kipaza sauti. Alivaa buibui jeusi na mtandio wa rangi ya ndimu, na sauti yake ilikuwa na utulivu ambao hata waliongoja sindano waliupenda.

"Kheri Waziri, chumba namba mbili."

Hakuna aliyeinuka. Akaita tena. Mara ya tatu aliinuka kijana mrefu, shati jeupe lililonyooka kwa pasi, pamba katika sikio la kulia. Kumbe alikuwa amekaa hatua tatu tu kutoka mezani kwake.

"Kaka, hukusikia?" Mbeyu alimwuliza.

"Nilisikia tangu mara ya kwanza, dada. Sikio moja ni zima. Nilitaka kujua kama mara ya tatu itakuwa tamu kama ya kwanza."

"Na ilikuwaje?"

"Imenizidishia ugonjwa."

Waliokuwa karibu walicheka, na Mbeyu akajifanya anatafuta kalamu ambayo ilikuwa mkononi mwake. Kesho yake Kheri alirudi. Sikio lilikuwa limeshapoa, lakini alikuwa na ombi, na ombi la mwenye nia halikosi njia.

Kheri alikuwa mtu wa Mkwiro, na kazi yake ilikuwa sauti. Yeye na rafiki yake Sefu walikuwa wakitengeneza matembezi katika mji wa kale wa Vanga. Familia ingekuja, kila mmoja apewe hedifoni na kisimu kidogo, kisha watembee vichochoroni kituo baada ya kituo wakisikiliza mchezo, kana kwamba wenyeji wa zamani wa nyumba zile wanasema nao masikioni. Hapakuwa na damu wala matusi, bibi na mjukuu waweze kwenda pamoja. Hadithi waliitunga wenyewe: siku ya harusi bahari inaingia mjini, na watoto wanasaidia kutafuta vitu vya bi harusi vilivyochukuliwa na maji, mpaka kituo cha tano, ambapo ndoa inafungwa. Walikuwa na kila kitu isipokuwa sauti ya bi harusi, na Kheri aliitaka ya Mbeyu.

Mbeyu hakujibu siku ile. Wakapeana namba, na kwa wiki tatu simu haikupoa. Kheri alimpigia mchana akila, alimpigia jioni akifua, akamwita "daktari wa sikio langu", naye Mbeyu akamwita "mgonjwa sugu". Dada yake mkubwa, Zainabu, alimsikia akicheka peke yake jikoni na hakuuliza, maana dalili zilikuwa wazi.

Baba yao, Mzee Abdulwahab, mwalimu mstaafu wa Msambweni, alikubali kwa sharti moja. Binti yake hangefungiwa chumbani na wanaume bila yeye kuwapo. Basi siku ya kurekodi alikwenda naye hadi Vanga, kanzu nyeupe, bakora mkononi, akakaa katika chumba cha Sefu kilichozibwa kuta kwa magodoro ili kelele za nje zisiingie. Mtu aliyepangiwa sauti ya baba wa bi harusi alikwama Lunga Lunga. Walipomwomba mzee ashike nafasi hiyo alikataa mara moja tu, kwa adabu, kisha akasafisha koo. Ukweli ni kwamba alikuwa akingoja kuombwa tangu alipoingia.

Walipofika kituo cha tano mzee aliweka karatasi chini. Maneno haya, alisema, hayahitaji kusomwa, ameyasikia barazani maisha yake yote. Akamshika mkono wa kulia Kheri, aliyekuwa sauti ya bwana harusi, Sefu na ami yake aliyekuja kusikiliza wakiwa wameketi kando, akasema kwa sauti nzito:

"Nimekuozesha binti yangu Mbeyu, kwa mahari ya msahafu na kitanda cha samadari."

Karatasi ilikuwa imeandikwa jina jingine. Ulimi wa mzee ulikwenda ulikozoea. Na Kheri, aliyetakiwa kurudia tu alichosikia, akasema, "Nimekubali kumuoa Mbeyu binti Abdulwahab, kwa mahari yaliyotajwa."

Wote wakacheka, mzee zaidi ya wengine. Mbeyu hakuwa na neno la kusema mahali pale. Bi harusi katika hadithi alikuwa chumba cha ndani, ananyamaza. Sefu alisema haitatoka tena vizuri namna ile, na kwa kuwa kwingine kote anaitwa bi harusi tu, basi jina libaki. Likabaki.

Matembezi yalifunguliwa siku za likizo. Zainabu aliwapeleka wanawe wawili, nao wakarudi wakirukaruka, wakieleza jinsi walivyoona kiatu cha bi harusi juu ya mlango. Zainabu mwenyewe alirudi kimya. Alimvuta mdogo wake uani, penye kamba za nguo.

"Mbeyu, ile ya kituo cha tano ni sauti ya baba."

"Ni ya baba. Imetoka vizuri, sivyo?"

"Amekutaja jina. Kheri amekubali, na mashahidi wawili wamekaa. Tulifundishwa nini kwenye chuo cha Kurani? Mambo matatu hayana mzaha, mzaha wake nao ni kweli: ndoa, talaka na kumrejea mke. Wewe ni mke wa mtu, mdogo wangu, na hujui."

Mbeyu alitaka kucheka, na kicheko hakikuja. Alimtazama dada yake. Zainabu hakuwa mtu wa kuogopa ovyo. Aliozwa akiwa na miaka kumi na saba, barazani, juu ya kikombe cha kahawa, na alijua kwamba ameolewa aliposikia vigelegele vya mlangoni. Aliishi miaka minne ya machozi, kisha akarudi na watoto wawili na jina la mtalaka. Baba yao hakuwa mtu mbaya. Hakupata kufikiri tu kwamba palikuwa na kitu cha kuuliza. Tangu hapo Mbeyu aliapa moyoni kwamba yeye hataolewa kabla ya kuulizwa, hata na malaika.

Na sasa huenda ilikuwa imeshafanyika, tena yeye mwenyewe akiwa amekaa palepale juu ya godoro anacheka. Hofu ilimwingia na haikutoka. Kazini aliita jina la mgonjwa akasahau namba ya chumba. Alipofikiri kwamba saa ileile familia nyingine imesimama Vanga kituo cha tano, inasikia akiozwa upya, alizima kipaza sauti. Aliogopa kumwuliza baba, asije akasema ni kweli. Kilichomtisha zaidi ni kwamba yeye mwenyewe alimpenda Kheri. Alimpenda sana, na mapenzi hayo hayakuwa yameulizwa lolote. Siku ya pili alimpigia simu, mlango wa stoo ya dawa ameufunga.

"Kheri, unajua kilichotokea kituo cha tano?"

"Najua. Ami yake Sefu alituambia."

"Lini?"

"Ni siku nne sasa."

"Siku nne umekaa na habari hii na jana umenipigia unanitania?"

"Niliogopa, mpenzi. Nilitaka kwanza—"

"Usiniite hivyo. Kama tumefungwa, nifungue. Sema neno la talaka sasa hivi, mimi nasikiliza, tumalize."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Neno hilo sitalielekeza kwako, Mbeyu, hata kwa tahadhari. Niombe jingine lolote."

Kwa Mbeyu neno hilo lilikuwa kama mlango uliofungwa na ufunguo kugeuzwa kwa upande wa pili. Akakata simu, akaifungia namba ile. Hofu ni fundi wa kushona. Ikampa nguo nzima kwa kipande kimoja cha kitambaa. Huenda yule mtu hakukwama Lunga Lunga, aliambiwa asije. Huenda Kheri ndiye aliyemshawishi Sefu jina lisitolewe. Huenda tangu ile siku ya pamba sikioni alikuwa akijua anakokwenda. Siku tisa zilipita hivyo. Simu za namba ngeni hakuzipokea, na kila mwanamume mrefu aliyeingia kliniki alimfanya ashike ukingo wa meza.

Siku ya kumi Zainabu alimwambia kwamba hofu isiyosemwa huzaa. Mbeyu akaenda kwa baba yake baada ya alasiri, akamweleza kila kitu bila kumtazama. Mzee Abdulwahab alikuwa akinywa chai. Alikiweka kikombe chini polepole, na Mbeyu akaona jambo ambalo hakulitarajia: baba yake naye ameogopa. Ule msemo wa mambo matatu aliwafundisha watoto wa watu miaka mingi, na haukumpitia kichwani alipomshika kijana mkono.

"Na wewe ulikuwapo," mzee alisema, kama anayejisemea. "Ukanyamaza. Na kimya cha mwari ni ridhaa yake."

Mbeyu hakuwa ameliwaza hilo. Alidhani ameozwa bila kuulizwa; kumbe huenda hata jibu alikuwa amelitoa, kwa kufunga mdomo.

Asubuhi walikwenda Gazi kwa Sheikh Swabir, ambaye watu wa pwani ile humpelekea mafundo yao. Mzee alikuwa amemwita Kheri. Walimkuta ameshafika, kanzu ya rangi ya maziwa, macho ya mtu asiyelala. Aliamkia, "Shikamoo, baba," na mzee akaitikia marahaba bila kumpa mkono. Mkono ule ulishaleta balaa mara moja.

Sheikh alitaka kusikia mwenyewe. Akavishwa hedifoni juu ya kofia, akafumba macho, na wote wakamtazama kidevu. Alisikiliza kituo cha tano mara mbili. Ya pili alitabasamu kidogo, Mbeyu akaona giza, akidhani anatabasamu kwa harusi. Kisha sheikh akauliza nani alikuwapo, nani alikaa wapi, karatasi ilisema nini, na walipomaliza walikubaliana mahari au walikwenda kula.

"Tulikula wali," Kheri alisema.

"Na binti alisema nini?"

"Alinyamaza," mzee akajibu, na sauti yake ilikuwa ya chini.

Sheikh alivua hedifoni. "Mzaha ni mtu kusema lake mwenyewe huku anacheka. Ninyi mlikuwa mnasimulia ya watu wengine, na msimulizi hafungwi na maneno ya anayemsimulia. Hapana ndoa hapa. Lakini mmecheza karibu na shimo. Litoeni jina la mtoto huyu leo leo." Akamgeukia mzee. "Na hicho kimya, mwalimu, ni jibu la aliyeulizwa. Huyu aliulizwa na nani?"

Mzee Abdulwahab aliinamisha macho kwenye mkeka.

Walitoka. Mbeyu alikuwa ameingoja pumzi hii siku kumi na moja, na ilipokuja haikutosha. Alisimama uani penye jua akaona kwamba hofu haikuondoka, imegeuka tu upande. Jana aliogopa kuwa ni mke wa Kheri. Sasa hakuwa mke wake, mpenzi wake wala rafiki yake, na namba yake alikuwa ameifungia.

"Ulikataa kuniacha," alimwambia, baba yake akisikia.

"Nilikataa." Kheri alikuwa na viatu mkononi, hakuvivaa. "Kama ndoa ile ingekuwa kweli, ningesema neno lile na wewe ungetoka pale mtalaka, Mbeyu. Hukuiomba ndoa, hukuiomba talaka, na watu wangekuita kwa jina ambalo mimi nimekubandika. Nimemwona dada yako anavyotazamwa. Siku nne zile nilikuwa nikimtafuta sheikh, alikuwa safarini." Kisha akasema lililobaki. "Na sehemu nyingine ni choyo. Nilitamani iwe kweli. Hilo nalo niliogopa likuumize."

Halafu akamgeukia mzee, akasema kwamba akipewa ruhusa angependa kuwaleta wazee wake kutoka Mkwiro, kwa posa ya kweli.

Mzee Abdulwahab alifungua kinywa kumjibu, kama alivyowahi kumjibu mtu mwingine, miaka mingi nyuma, juu ya kikombe cha kahawa. Akakifunga. Akaichimbia bakora mchangani, kisha akamtazama binti yake.

"Dada yako sikumwuliza," alisema. "Wewe nakuuliza. Mbeyu mwanangu, unamtaka kijana huyu?"

Mbeyu aliyeita majina mia kwa siku hakuipata sauti yake. Ilikuwa hofu kubwa kupita zote, maana hii hakuletewa na mtu. Jibu lilikuwa lake peke yake. Baba yake alingoja. Kheri alitazama mchanga.

"Sikuhesabii kimya," mzee alisema taratibu. "Nitasimama hapa mpaka adhuhuri ikibidi."

"Namtaka, baba."

Ilitoka ndogo, hata yeye haikumridhisha. Akasafisha koo, akainua kichwa, akaisema tena ikasikika mpaka ndani kwa sheikh. Na Kheri alikaa chini kwenye kizingiti cha watu, viatu mkononi, akalia bila kujificha.