Nani Anaimba na Eufrasia?

Kila alasiri akitoka shuleni, Eufrasia alivua sare, akageuza dagaa walioanikwa uani, akanawa mikono kwa sabuni nyingi asije akanuka, kisha akakimbilia mazoezi ya kwaya ya watoto kanisani pale Buhare. Alikuwa darasa la sita. Mama yake, Matrida, alikuwa mwimbaji wa mbele wa kwaya ya wakubwa hadi alipofariki, na sasa Eufrasia aliishi na baba yake, Mzee Kasmiri, mvuvi asiye na maneno mengi.

Mwaka huo Mwalimu Leodgar, aliyefundisha kwaya, alimchagua Eufrasia aimbe peke yake beti za wimbo ambao zamani aliuimba mama yake. Wangeupeleka kwenye mashindano ya kwaya za watoto kule Butiama, ambako kila sauti ilitakiwa itoke kwa mtoto aliyesimama jukwaani. Eufrasia aliutaka ushindi huo kuliko kitu kingine chochote. Alitaka watu waseme kwamba mtoto wa Matrida naye anaweza.

Na watu walianza kusema. Tangu Jofrey, kijana mwenye studio karibu na soko, aje kuwapigia kinanda na kuwaletea spika zake kubwa, sauti ya Eufrasia ilikuwa imenenepa ghafla. Akina mama waliopita njiani walisimama kusikiliza. Mwenyewe alifurahi, lakini furaha hiyo ilikuwa na mchanga ndani yake. Nyumbani, akiimba huku anasugua sufuria, noti ya juu ilimkatikia kama kawaida. Kanisani haikukatika hata kidogo. Spika gani hiyo inayomfundisha mtu kuimba?

Siku moja wadudu wa ziwani walitanda kama moshi. Mmoja aliingia kinywani mwa Eufrasia katikati ya ubeti, naye akammeza na kunyamaza. Wimbo haukunyamaza. Spika iliendelea kuimba maneno mengine, ndipo Jofrey akanyoosha mkono haraka kwenye kompyuta yake. Eufrasia alipomuuliza, Jofrey alicheka na kusema ni mwangwi wa ukuta tu. Mwangwi huo ulikuwa na akili sana, maana ulijua maneno ambayo hayajaimbwa bado.

Tangu hapo Eufrasia hakumwondolea macho. Aliona jinsi alivyoifunika kompyuta kila mtu aliposogea. Alimweleza rafiki yake Rhobi, naye Rhobi akamshauri anyamaze, kwa sababu walikuwa wanakwenda kushinda. Ya nini kuchokonoa? Eufrasia akanyamaza kweli, lakini hakuacha kuitegea sikio ile spika.

Kisha akasikia kitu kingine. Kabla ya ubeti wa pili, spika ilitoa mvumo mdogo wa mtu aliyefumba mdomo: mmmh. Waimbaji wa zamani, kwaya ilipokuwa haina kinanda, walivuma hivyo kuitafuta sauti kabla ya kuanza ubeti. Watoto wa sasa hupewa sauti na kinanda, wala hakuna anayevuma.

Jioni hiyo alimuuliza baba yake kama anakumbuka mtu aliyekuwa na mazoea hayo.

"Mama yako alikuwaga anavuma hivyo," alisema Mzee Kasmiri, akiweka wavu chini. "Hata kinanda kilipokuja hakuacha. Kwa nini unauliza?"

Eufrasia akamwambia yote. Baba yake akakumbuka kwamba simu ya marehemu ilipoharibika, aliipeleka kwa Jofrey amtolee nyimbo zilizokuwamo. Jofrey alimtolea, Mzee Kasmiri akashukuru, yakaisha. Hakumruhusu azitumie popote.

"Kesho twende wote," alisema. "Lakini tusimhukumu mtu kwa sababu ya mdudu na mvumo. Hakikisha kwanza."

Kesho yake Mzee Kasmiri aliketi benchi la nyuma. Ubeti wa pili ulipofika, Eufrasia alishusha kipaza sauti, akafumba mdomo. Mmmh, spika ikavuma, kisha Matrida akaimba. Watoto waliacha kuitikia mmoja mmoja. Mwalimu Leodgar alibaki mikono juu. Mzee Kasmiri alilia bila kujificha, na Eufrasia naye akalia, kwa maana hasira na hamu ya mama vilimjia pamoja.

Jofrey hakuwa na pa kukimbilia. Alikiri kwamba aliichanganya sauti ya marehemu na ya mtoto ili kwaya ishinde na studio yake ijulikane. Ule mvumo aliuacha kwa kudhani ni sehemu ya wimbo. Akaomba radhi kwa Mzee Kasmiri. Mwalimu Leodgar naye alikiri kwamba alishangaa sauti ilivyokua upesi, ila hakutaka kuuliza.

"Tungeshinda," Rhobi alinong'ona.

"Angeshinda nani?" Eufrasia alimuuliza.

Kule Butiama aliimba kwa koo lake mwenyewe. Noti ya juu ilimkatikia, akaiokota, akaendelea. Kwaya yao ikawa ya nne. Matokeo yalipokwisha kutangazwa, Mwalimu Leodgar aliomba nafasi ya wimbo mmoja nje ya mashindano, na Eufrasia akashika kipaza sauti.

"Huu naimba na mama yangu, Matrida," alisema. "Alishafariki. Mtakayoisikia ni rekodi yake, na baba ameruhusu."

Jofrey akabonyeza kompyuta, safari hii bila kuifunika. Kabla ya ubeti, mama na mtoto walivuma pamoja.

Wakati wa kurudi, Mzee Kasmiri alizungumza kuliko kawaida yake.

"Aliye hai anaweza kusema sitaki," alisema. "Marehemu hawezi, kwa hiyo sisi tuliobaki ndio wa kumlinda. Kuimba naye ukimtaja ni heshima. Ukimficha, umemwibia. Na wewe umefanya vizuri: uliposhuku uliniambia, na hukumtangaza mtu kabla ya kuhakikisha."

Eufrasia akauliza kama mama angekasirika wao kuwa wa nne.

"Kwa kuwa wa nne, hapana," baba yake alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akacheka. "Lakini kwa ile noti ya juu, kesho angekurudisha mazoezini."