Chungu cha Kutagia

Harufu ndiyo iliyotangulia. Maji ya tangi la samaki yalinuka ubani, na katika nyumba ile hakuna aliyewahi kuchoma ubani. Mfugaji alinusa kifuniko, akanusa viganja vyake, akamgombeza mkewe bure, kisha akapoa.

Alikuwa na sababu ya kupoa. Samaki wake wa mviringo kama sahani, asili yao mito ya Amerika Kusini, walikuwa wametaga, na safari hii hawakuyala mayai. Miaka mitatu walikuwa wakiyala mbele ya macho yake. Kilichobadilika ni chungu tu. Samaki hawa hupenda kutagia juu ya udongo wa kufinyangwa, naye alikiokota hicho kwenye gofu lililokuwa likibomolewa, mdomo umezibwa kwa kitambaa na nta. Alikizibua, akakisugua kwa chumvi, akakichemsha, akakipindua tangini. Ndivyo wafugaji wafanyavyo.

Vifaranga mia mbili wakaanza kuogelea. Kawaida yao ni kujibandika ubavuni mwa wazazi na kula ute wa ngozi yao. Hawa waliwapita wazazi kama hawawaoni, wakajipanga kwenye kioo, wakamkodolea yeye. Alipotia mkono awaelekeze, wakauvamia. Walikuwa na joto. Ilikuwa raha, tuseme ukweli, na ndiyo maana aliuacha mkono majini tangu asubuhi hadi adhuhuri.

Siku ya tatu alitoka kwenda dukani. Alipogusa geti, ngozi ya mkono ilikakamaa ikaanza kupasuka kama tope juani, akarudi mbio, akauzamisha hadi begani, vifaranga wakaufunika wote, na hapo tu ndipo pumzi ikamrudia, akachomoa kwa hasira waya wa pampu ya hewa, lakini mapovu hayakukoma, yaliendelea kupanda moja baada ya jingine, na ndani yake sauti ikamwambia taratibu, kama mtu abembelezaye mtoto, "Mzazi haondoki."

Mkewe akamwita mjomba wake, mganga wa majini. Mzee alinusa, akauliza habari za kile kitambaa, akatikisa kichwa. Alieleza kwamba jini aliyekuwa amefungiwa chunguni amezaliwa upya kupitia mayai yale, na sasa anataka mlezi. Vifaranga warudishwe chunguni, kizibwe, kikatupwe mbali. Kikizibwa mara ya pili, hakifunguliki tena.

"Wote, mkwe wangu," alinong'ona. "Hakuna wa kubaki."

"Wote, mjomba."

Mfugaji huyu alijisifu kwamba hajawahi kumuuzia mteja samaki mgonjwa bila kumwambia. Lakini mfugaji hutenga akiba, tangi moja likiharibika lisiondoke na kizazi kizima, naye siku ile ya kwanza alikuwa amechota arobaini, akawatia kwenye beseni chumba cha kufulia. Miaka mitatu, jamani. Arobaini tu. Akaumeza ukweli.

Nta ilipoganda mdomoni mwa chungu, harufu ikakatika na mapovu yakakoma. Mfugaji alitoka getini, akavuka barabara, akarudi, akavuka tena, akicheka peke yake kama aliyepagawa. Mjomba alikuwa ameshashika njia na chungu chake kwapani. Mfugaji akamwita mkewe waende wamsindikize.

Mke alifika kizingitini, akasimama.

"Nenda tu, mume wangu," alisema kwa sauti ndogo. "Mie nina nguo za kufua."

Ndipo alipomwona sawasawa: joto lote lile, naye amevaa mikono mirefu, siku ya tatu sasa, na kiganja chake kimekunjamana kama cha mtu aliyeshinda majini. Na ndipo mfugaji akajiuliza swali ambalo alipaswa kujiuliza tangu mwanzo: wale arobaini wa kwenye beseni, bila mzazi, walikuwa wanakula nini?

Akageuka kumwita mjomba. Kona ya barabara ilikuwa tupu.

Nyuma yake, kutoka chumba cha kufulia ambako hapakuwa na pampu yoyote, mapovu yakaanza kupanda, na mkewe, bila kuitwa, akaanza kukunja mikono ya gauni lake.