Nyimbo Tisa Alizozipiga Bila Kusikia Maneno

“Kabla uvae hizo hedifoni, Waceke, kunywa chai kwanza,” Kihara alisema.

“Kwani ni matanga?”

“Kunywa tu.”

Waceke akajua kuna jambo. Kihara ndiye aliyerekodi kila wimbo wa bendi yao ya roki, katika studio yake ya orofa ya tatu River Road, na kwa miaka yote hiyo hakuwa amemkaribisha mtu hata maji.

“Hii albamu si ya bendi,” Kihara akasema. “Ni ya Clifford peke yake. Inatoka Ijumaa. Nilidhani amekuambia.”

“Clifford wangu?”

“Huyo huyo.”

Clifford Wesonga alikuwa mwimbaji wa bendi, na kwa miaka mitano alikuwa mpenzi wa Waceke. Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Jumamosi watu wake wangetoka Bungoma kuja kwa kina Waceke, Dagoretti Corner, kwa ruracio, kuleta mahari. Tenti ilishakodiwa na shangazi walishashona nguo.

Na besi yote ya albamu hiyo, lile gitaa la sauti ya chini, katika nyimbo zote tisa, alikuwa ameipiga Waceke. Aliipiga jinsi besi inavyorekodiwa: unaingia peke yako, unasikiliza dramu, unapiga, unaenda zako. Sauti ya mwimbaji huwekwa mwisho. Hakuwa amesikia neno hata moja, na hakuuliza. Nani humuuliza mchumba wake ataimba nini?

“Weka namba sita,” Kihara akasema, akageukia dirisha.

Waceke akasikiliza. Besi ilikuwa tamu. Juu yake Clifford aliimba kuhusu mwanamke wa Muthangari anayemfungulia mlango akiwa na taulo kichwani. Kibwagizo kilisema yuko mwingine Dagoretti anayemngoja, naye hana moyo wa kumwambia kwamba mapenzi yaliisha mwaka jana. Alikirudia mara nne, isije ikawa kuna msikilizaji ambaye hakuelewa.

Waceke alingoja machozi. Hayakuja. Hasira nayo haikuja. Alikuwa kama mtu aliyedungwa ganzi kwa daktari wa meno: anajua jino linang’olewa, ila hasikii kitu.

“Hapo katikati niliharakisha kidogo,” akasema.

“Waceke...”

“Nipe dakika moja.”

Akampigia Clifford.

“Babe, sasa? Niko kwa interview, naeza kukucall baadaye?”

“Nimesikia namba sita.”

“Nani amekuchezea hiyo?” Clifford akauliza.

“Hiyo ndiyo unauliza?”

“Ni art tu, Waceke. Si lazima ikuwe story ya ukweli.”

“Wa Muthangari ni nani?”

Akahema. “Anaitwa Debra.”

“Tangu lini?”

“Tangu tuanze kurecord. Nilikuwa natafuta vile nitakuambia.”

“Ukaniambia nikupigie besi.”

“Hakuna mtu hupiga kama wewe. Na unajua.”

Jamani, kuna watu wana uso mkavu. Alikuwa anamsifu!

“Na Jumamosi?” Waceke akauliza.

“Nilikuwa nafikiria tuwache tu ipite. Ruracio si harusi. Wazee wafurahi, halafu tutaona.”

“Mathe yako anajua?”

“Usimwambie, please. Ana pressure.”

Waceke akakata simu. Kihara alikuwa amesikia yote.

“Sema tu neno, nitoe besi yako,” akasema. “Bila hiyo, albamu imeanguka. Na hujasign kitu.”

“Wacha ikae.”

“Uko sure?”

“Niliipiga vizuri, Kihara. Hiyo ya kwangu haikuwa uongo.”

Jioni hiyo alimweleza mama yake, Nyokabi, mambo yote bila kupandisha sauti, mpaka Nyokabi akaogopa. Kisha akampigia Mama Naliaka, mamake Clifford.

“Mwanangu! Sisi tuko tayari kabisa, hata gari tumepata.”

“Mama, msikuje.”

“Kumetokea nini?”

“Clifford ako na mtu mwingine. Ameimba hiyo maneno kwa albamu. Mtaisikia Ijumaa.”

“Na wewe umejulia wapi?”

“Mimi ndio nilimpigia besi. Maneno nimesikia leo, studio.”



“Umekula?”

“Bado.”

“Kula, mwanangu.” Simu ikakatika.

Ijumaa albamu ikatoka, watu wakaisifu. Adhuhuri ujumbe ukaingia kutoka kwa Clifford: “Thanks kwa kuwa mature. Redioni wanasema besi ni kali sana.” Waceke aliusoma, akaweka simu chini, akaenda kuosha vyombo. Bado hakulia.

Jumamosi saa tano, tenti ikiwa imesharudishwa kwa mwenyewe, geti likagongwa. Nyokabi akachungulia, akaona wanawake watatu waliovaa vitenge vya sherehe, vumbi la safari miguuni.

“Mmekuja kufanya nini?” akauliza kwa ukali. “Hakuna ruracio hapa.”

“Tunajua, mama,” Mama Naliaka akajibu. “Hatujaleta mahari.”

“Na mwanao ako wapi?”

“Huyo hatujakuja naye. Tumekuja kuomba msamaha. Ni nyumba yetu imekosea.”

“Mngepiga simu.”

“Makosa kama haya hayaombewi msamaha kwa simu.”

Waceke alikuwa amesimama mlangoni, mikono ikiwa na sabuni. Mama Naliaka akamwona kupitia vyuma vya geti.

“Mwanangu, jana nilisikiza hiyo albamu,” akasema. “Nilimwambia mtoto wa jirani anionyeshe sauti yako ni gani. Akaniambia ni ile ya chini, ile inatembea polepole. Nikasikiza hiyo peke yake, nyimbo zote tisa. Yule mwingine nilikataa kumsikia.”

Tangu Jumanne hakuna aliyekuwa amemwambia Waceke neno lililomfikia moyoni. Akalia palepale mlangoni kwa sauti kubwa, majirani wakatoka kuangalia, naye hakujali hata kidogo. Ilimuuma, na alishukuru kwamba inauma.

Nyokabi alikuwa bado amesimama mbele ya geti, mikono kiunoni.

“Mum, fungua,” Waceke akasema katikati ya kilio. “Hao ni wageni wangu.”