Kombi ya Watalii

Kemilembe alikutana na Ndalahwa kwenye foleni ya sindano ya kipindupindu, bandarini Mwanza, watu wamebanana na jua linachoma. Kemilembe, gauni la maua na nywele za uzi, alifanya kazi mapokezi kwenye hoteli ya watalii. Ndalahwa, ndani ya suruali ya bugaluu iliyonyooshwa ikanyooka, aliendesha kombi ya kuwapeleka wageni Serengeti.

"Dada wa Bukoba, unaogopa sindano?"

"Naogopa madereva."

Wakacheka, wakapendana. Lakini habari za ugonjwa zilikwisha fika Ulaya na watalii wakaacha kuja. Vitanda vya hoteli vilitandikwa kila asubuhi bila wa kuvilalia, wafanyakazi wakapunguzwa mmoja mmoja. Kemilembe alichoka, na kuchoka kwa kukaa bure ni kubaya kuliko kwa kulima. Kilichombakiza Mwanza ni Ndalahwa tu, na Ndalahwa naye akaadimika.

"Nimemwona Ndalahwa mtaa wa Kirumba," alisema Bernadeta, mpishi wa hoteli. "Kambeba mwanamke, kamlaza kiti cha nyuma. Jana tena, mwingine! Lisemwalo lipo, mwenzangu."

Simu ya mapokezi ikalia. Kemilembe aliirukia akidhani ni wageni.

"Kemi wangu, mpenzi..."

"Wapenzi wako wako Kirumba! Jumamosi napanda meli, naenda kwetu." Akakata, akalia.

Jumamosi, njiani kwenda bandarini na sanduku lake, aliiona ile kombi mbele ya zahanati. Ndalahwa, macho mekundu, alikuwa amembeba bibi kizee aliyelegea, akamkabidhi kwa wauguzi. Kisha akaanza kuosha viti kwa dawa.

"Ndio wanawake wenyewe hao?" Kemilembe aliliweka sanduku chini.

"Na wanaume pia. Gari la wagonjwa halitoshi, mkoa ukaiazima kombi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenifuata. Wangekuona na mimi, mbeba wagonjwa, nani angekuacha upokee wageni? Nilitaka mmoja wetu abaki na kazi."

"Kazi ipi, baba? Hoteli imefungwa jana."

Ndalahwa alikaa chini kwenye ngazi ya kombi. Huko bandarini meli ikapiga honi.

"Basi usiende, Kemi. Nikuoe."

Kemilembe alimtazama jinsi kope zilivyokuwa zikijifunga, akamhurumia, akampenda upya.

"Kalale kwanza. Mtu haposi huku anasinzia. Ukiamka, uniulize tena."

Ndalahwa alilala palepale usukanini. Meli iliondoka, na Kemilembe alikuwa kiti cha pili, sanduku miguuni, akisubiri kuulizwa.