Wa Mbele Hana Tope Usoni

Haya yalimpata Nives, jirani yetu wa nyumba ya pili, na wanaoyakana ni walewale ambao hata leo hawapiti kilima cha Poggio Moro siku ya ukungu. Jumapili ile aliamka kama kawaida. Akachemsha kahawa, akakata mkate na jibini la kondoo, akajaza maji kwenye chupa za baiskeli. Alifanya yote hayo kama mtu anayepanga vyombo katika nyumba isiyo yake. Tangu mumewe Loris alipofariki majira ya kuchipua, Nives hakuwa ametoa chozi hata moja. Msibani alikula, akaomba aongezwe maharage, na wanawake wa Serravecchia, kijiji chetu, wakapata la kusema mpaka mavuno ya zabibu. Hakuwa na roho mbaya. Moyo ulikuwa umekufa ganzi tu, kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

Kilichombakia duniani ni Tiziano, mwanawe wa pekee, fundi wa matrekta. Huyo ndiye aliyemfanya avae nguo za baiskeli asubuhi hiyo yenye baridi. Ilikuwa wiki ya kuwakumbuka marehemu, na Tiziano alitaka kupeleka kofia ya baba yake kwenye mberoshi wa Poggio Moro, pale walipomkuta Loris ameketi akiegemea shina, baiskeli kando yake, hana hata mchubuko. Daktari alisema moyo ulisimama. Nives hakuitaka safari ile, lakini zaidi hakutaka kijana aende peke yake.

Kwetu Jumapili mtu huenda misa au huenda baiskeli, na padri mwenyewe amekwisha kukata tamaa. Misa ina taratibu zake na baiskeli ina zake. Anayetangulia hukata upepo kwa ajili ya wenzake. Akichoka hasemi kitu, hutikisa kiwiko mara moja tu, na aliye nyuma yake humpita na kupokea zamu. Kukataa kiwiko ni aibu. Mtu anaweza kusamehewa hata kuiba kuku, lakini aliyekataa kiwiko huulizwa mpaka uzeeni. Ila barabara nyeupe ya Poggio Moro, ya chokaa isiyo na lami, ina sheria yake peke yake: kule hakuna kiwiko, kila mtu na upepo wake. Wageni huambiwa ni kwa sababu ya mashimo.

Walipofika uwanja wa kanisa walimkuta Ivo, aliyekuwa mwenzi wa Loris barabarani tangu ujana wao. Alikuwa amesimama na baiskeli yake, masharubu yamelowa umande. Akawasihi wapite barabara ya lami, maana ukungu ulikuwa umelala bondeni.

"Wewe pita lami na magoti yako, mzee," Tiziano alimtania. "Tutakukuta mgahawani kwa Cesira umeshamaliza mvinyo wa watu."

Ivo hakucheka. Kijana alipoinama kukaza kiatu, mzee alimsogelea Nives na kumnong'oneza.

"Ukiona mgongo mbele yako kule, usiupite. Hata ukiujua."

Nives aliitikia kwa kichwa, kama anavyomwitikia muuza mboga.

Walipanda kilima taratibu. Mvua ilikuwa imenyesha juma zima, na barabara nyeupe ikilowa huwa uji wa chokaa. Baiskeli yako mwenyewe itakuchafua miguu na mgongo, lakini uso huchafuliwa na tairi la mwenzako aliye mbele. Ndiyo maana Cesira ametundika kitambaa mlangoni pa mgahawa wake, na ndiyo maana kuna utani wa zamani kwetu: wa mbele hana tope usoni. Anayeingia kwa Cesira na uso safi hulipia kahawa za wengine, au hudaiwa kuwa amepanda lori.

Kwenye mberoshi Tiziano aliitundika kofia kwenye tawi la chini. Akaifuta umande kwa mkono wa jezi, mara mbili. Nives alisimama kando yake akijaribu kuhisi kitu, chochote. Alichokikuta kichwani ni swali kama alizima jiko. Akamshika mwanawe begani kwa sababu ndivyo mama afanyavyo, wakapanda baiskeli, wakaanza kuteremka upande wa pili, kuelekea bondeni. Nives alitangulia. Tiziano alimfuata.

Ukungu uliwameza kwenye kona ya kwanza.

Hakuona shamba wala mtaro. Aliona mikono yake na kipande cha barabara mbele ya tairi, basi. Upepo wa bonde ulimpiga kifuani, baridi, wenye harufu ya majani yaliyooza. Aliinama, akakanyaga pedali. Nyuma yake mnyororo wa Tiziano ulikuwa ukilia kidogo, kama siku zote. Hakuwahi kuutia mafuta, fundi huyo.

Kisha upepo ukakatika.

Haukupungua, ulikatika. Pedali zikawa nyepesi. Kifua kikapata joto. Kila mwendesha baiskeli anaijua raha hiyo, na anajua inatoka wapi. Mtu alikuwa mbele yake.

Nives aliinua macho. Mgongo. Jezi ya buluu ya chama chetu cha baiskeli, ile ya zamani, iliyopauka mabegani. Bega la kushoto limeshuka kuliko la kulia. Mgongo ule alikuwa ameusugua kwa sabuni miaka yote ya ndoa yake. Tope lilianza kumrukia usoni, la baridi, tone baada ya tone. Hakujipangusa. Hakuogopa pia, na hilo ndilo lililomshangaza baadaye.

Kiwiko cha kushoto kikatikisika.

Watu wengine hutumia cha kulia. Loris alikuwa na shoto.

Kikatikisika tena. Kilikuwa kiwiko cha mtu aliyechoka, aliyechoka kupita kiasi, anayeomba kwa adabu. Nives aliona jinsi ingekuwa rahisi. Kusogea kando kidogo tu, kumpita, kumwacha apumzike. Kwa mtu asiyehisi kitu, kulikuwa na hasara gani? Mguu wake ulikwisha kuanza kusukuma. Ndipo akaukumbuka mnong'ono wa Ivo, na akakumbuka kwamba hayuko peke yake.

"Tiziano," aliita, sauti ya chini. "Usipite. Umesikia? Usipite."

Mnyororo haukulia.

"Tiziano."

"Nipo nyuma yako, mama."

Sauti ilitoka mbali, na ukungu huchezea sauti, huwezi kujua upande. Nives alishusha pumzi. Alipotazama mbele tena, kiwiko kilikuwa kimetulia. Mgongo bado ulikuwapo, jezi ya buluu, ukimkinga upepo vizuri tu. Mabega yote mawili yalikuwa sawa.

Waliteremka hivyo mpaka mwisho wa bonde. Ukungu ulipoachia, barabara mbele ya Nives ilikuwa tupu, na Tiziano alikuwa akiendesha ubavuni pake, akilalamika kwamba ana njaa.

Kwa Cesira kulikuwa na joto na makelele. Ivo alikuwa mezani karibu na dirisha, akikoroga kahawa. Cesira alipomwona Nives alicheka, akamrushia kitambaa akisema mama huyu amechimba chokaa badala ya kupanda baiskeli. Nives alijitazama kwenye kioo cha nyuma ya kaunta. Uso mzima ulikuwa mweupe, yamebaki macho tu. Kisha Tiziano akaja akasimama kando yake, naye akaonekana kwenye kioo.

Uso wake ulikuwa safi. Ulikuwa mkavu, umenyoka, kama wa mtu aliyetoka kinyozi.

"Ulikuwa wapi wewe?" Cesira alimuuliza kijana. "Umepanda lori?"

"Nilikuwa nyuma ya mama njia nzima," Tiziano alisema. Alisema kwa moyo mweupe kabisa, na akaagiza mkate wenye nyama.

Kijiko cha Ivo kiliacha kukoroga. Mzee aliinuka, akatoka nje bila kofia, na Nives akamfuata na kitambaa mkononi. Walisimama penye baiskeli.

"Loris aliingia hapa hivyohivyo mwaka jana," Ivo alisema. "Sisi sote tope mpaka kwenye kope, yeye uso safi, akiapa kwamba alikuwa wa mwisho. Tulimlipisha kahawa. Tulicheka, Nives."

"Na kabla yake?"

"Kabla yake alikuwa Amedeo, mwokaji mikate. Kabla ya Amedeo mimi nilikuwa mtoto." Alifuta masharubu. "Kule kuna zamu. Anayeishika huanza kuchoka, hata akiwa kitandani. Siku moja baiskeli humwita. Zamu haiishi, hata akifa, mpaka mwenzake aione ishara akaipokea."

"Wewe uliiona kwa Loris?"

Ivo alitazama chini. Akajibu kwamba aliiona, na kwamba alikuwa na magoti mabaya na wajukuu wanne. Nives hakumlaumu. Alikuwa anakumbuka meza ya chakula, majira ya baridi yaliyopita. Loris amekaa na bakuli la supu, amechoka, na kiwiko chake cha kushoto kinarukaruka upande wake yeye, mkewe. Alidhani ni mshipa. Kila jioni alimpaka dawa ya kuchua na kumwambia apunguze mvinyo. Usilolijua ni kama usiku wa giza.

Majuma yaliyofuata Tiziano alianza kukonda. Alilala mapema na kuamka amechoka. Gereji wakasema siku hizi fundi anasinzia chini ya trekta. Nives aliyaona yote akiwa na utulivu uleule wa barafu. Alipika, akafua, akaangalia. Usiku mmoja alimsikia kijana akihema usingizini kama mtu anayepanda kilima, akaenda kumfunika, akarudi kulala.

Kisha ikaja Jumamosi, wakati wa chakula cha jioni. Supu ya kabichi na mkate mkavu. Tiziano alikuwa akisimulia habari za mteja mbahili, nusu anacheka, kijiko mkononi. Anatumia mkono wa kulia, siku zote, kwa nyundo na kwa kijiko. Kiwiko chake cha kushoto kilikuwa kimelala mezani.

Kikatikisika.

Yeye mwenyewe hakujua. Aliendelea na hadithi yake. Kikatikisika tena, kuelekea kwa mama yake, kwa adabu, kwa kuchoka.

Hapo ndipo ile ganzi ilipoachia. Nives aliogopa. Hofu ilimpanda kutoka miguuni, ikamfanya aishike meza kwa mikono miwili, na nyuma ya hofu yakaja yote mengine aliyodhani yamekufa: Loris, supu yake, dawa ya kuchua, kiwiko alichokisugua na asikielewe. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na Nives aliujua wote kwa mkupuo mmoja. Kisha ukapita, akabaki ametulia kama zamani. Akavuta kiti kuuzunguka mguu wa meza, akakaa mbele kidogo ya mwanawe, kati yake na dirisha.

"Nimepokea," alisema.

"Umepokea nini, mama?"

"Kula, supu inapoa."

Tiziano alikula sahani mbili. Usiku ule alilala bila kuhema, akalala mpaka kengele za misa ya mwisho zilipompitia. Alipoamka jiko lilikuwa limezimwa, vyombo vimeoshwa na kupangwa, na baiskeli ya mama yake haikuwapo ukutani. Mvua ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri.

Ivo ndiye aliyempata, chini ya mberoshi, ameketi akiegemea shina, mikono magotini. Kofia ya Loris haikuwapo tena kwenye tawi, wala haikuwa kwake, wala haijaonekana mpaka leo. Miguu yake ilikuwa nyeupe kwa tope. Uso ulikuwa mkavu. Tiziano alilia mbele ya watu wote, kwa sauti, akawalilia wawili kwa pamoja, na safari hii wanawake wa Serravecchia hawakuwa na la kusema.

Miaka imepita. Siku za ukungu, mara mojamoja, mtu huingia kwa Cesira akiwa ametoka Poggio Moro peke yake, tena peke yake kabisa, na uso wake umejaa tope jeupe. Akiulizwa hujibu kwamba kulikuwa na mwanamke mbele, mwenye mwendo mzuri, aliyemkinga upepo bonde zima. Alimfuata mpaka ukungu ulipoachia. Hakuona ameshika njia gani.

Cesira huwa na swali moja tu kwao, na huliuliza kwa kunong'ona huku akiwapa kitambaa. Alitikisa kiwiko? Hapana, husema wote. Hata mara moja.

Tiziano ana mke sasa, na binti mdogo. Hapandi baiskeli majira ya joto. Lakini ukungu ukilala bondeni baada ya mvua, huishusha baiskeli ukutani, hupita kwenye mberoshi, huteremka. Mtu asimlaumu. Anaketi kwa Cesira penye dirisha, uso mweupe mpaka kwenye kope, na kitambaa hukiweka kando mpaka amalize kahawa yake.